Chachu Iliyokufa Nyumbani kwa Febronia

Katika habari za waumini wa kale imepokewa kwamba palikuwa na kijiji cha Wakristo katika milima ya Shamu, watu wacha Mungu, wenye kufunga na kusali, ila wagumu wa kusahau. Desturi yao ilikuwa kwamba mkate wa Meza ya Bwana hauokwi na mtu mmoja daima. Chachu ilizungushwa nyumba kwa nyumba katika chungu kidogo: mama mwenye zamu alikanda na kuoka mkate wa Jumapili, akabakiza donge la unga uliochachuka, akampelekea jirani anayefuata. Waliamini kwamba chachu ile haijapata kukatika tangu siku za babu zao, na walijivunia jambo hilo kuliko ilivyowapasa.

Basi mwaka mmoja, katika juma la Pasaka, zamu ilimwangukia Febronia, mjane asiye na mtoto. Baridi ilikuwa kali na kuni zake chache. Asubuhi alifunua chungu akakuta donge limelala. Alikanda, akangoja, akakanda tena, halikuumuka. Pasaka ile watu walirudi makwao bila kushiriki.

Jirani yake Yunia, mke wa mfinyanzi, ndiye aliyeanza kusema. "Chachu ya Bwana haifi katika nyumba safi," alisema. Ushahidi hakuwa nao, lakini ndugu zangu, tangu lini uvumi ukangoja ushahidi? Neno lile lilishika. Febronia aliapa kwamba ni baridi tu, nani amsikilize? Baada ya sikukuu kipande cha chachu ile ile kilipatikana kimebaki nyumba nyingine, kikahuishwa, lakini tangu hapo chungu kiliruka mlango wake. Na kanisani, kila ilipofika salamu ya amani na kila mwanamke akamshika mkono aliye kando yake, Yunia alificha mikono yake ndani ya shuka. Kasisi wao, Baba Serapioni, aliwakanya mara nyingi. Waliitikia amina, wakaendelea vile vile.

Miaka ilipita hivyo. Mjane yule alihudhuria kila ibada, akasimama mahali pake, akarudi nyumbani akala peke yake. Alianzisha chachu yake mwenyewe kwa unga na maji, na usiku wa baridi aliifunika kwa blanketi lake, yeye akilala anatetemeka. Kuna jioni alizojisemesha kwa sauti, ili tu asikie mtu akiongea mle ndani. Upweke ule ulimuuma, wapendwa, tusiusimulie kana kwamba ulikuwa mtamu.

Kwa kudra ya Mwenyezi Mungu ikaja baridi nyingine kama ile, na zamu ya kuoka mkate wa Pasaka ilikuwa ya Yunia. Siku moja kabla ya sikukuu alifunua chungu, naye akakuta donge limelala. Maji yalimfika shingoni, maana alijua vyema watu watasema nini. Maneno yenyewe aliyatunga yeye. Adhuhuri alibisha hodi kwa Febronia.

"Dada Febronia, imekufa," alisema huku akilia.

Febronia alimtazama. Maneno aliyoyaweka moyoni miaka yote yalimjia mdomoni, na yalikuwa maneno ya haki. Akayameza.

"Ingia ndani, dada. Nje baridi."

Aliileta chachu yake, akaikata, akampa nusu.

"Nitawaambia nini?" Yunia aliuliza.

"Waambie ni baridi."

"Wewe ulisema hivyo, na hatukukuamini."

"Mimi nilikuwa peke yangu," Febronia alisema. "Wewe utakuwa na mimi."

Mkate uliumuka vizuri, na Yunia alijaribiwa kunyamaza, kwani nani angejua? Lakini siku ya Pasaka, alipomkabidhi Baba Serapioni mkate mbele ya watu wote, alipiga moyo konde akasema, "Chachu ya babu zetu imekufa nyumbani kwangu. Hii ni ya Febronia. Niliyosema juu yake yalikuwa uongo."

Minong'ono ikazagaa. Wengine walitoka nje na hawakurudi. Ilipofika salamu ya amani Yunia alinyoosha mikono, na kina mama waliokuwa karibu naye wakaficha ya kwao ndani ya shuka, kama alivyowafundisha.

Ndipo Febronia alipogeuka akamshika mikono yote miwili. "Amani ya Bwana iwe nawe, dada yangu."

Yunia akalia. Na husimuliwa kwamba Febronia hakumwachia hata sala iliyofuata ilipoanza, kwa sababu alikuwa amesahau kwamba mkono wa mtu una joto namna ile.

Wapendwa, sisi hupenda kujua kwanza nani mwenye kosa, ndipo tupende. Mja yule mwema alimjua mwenye kosa kuliko sisi sote, akampa mkono. Mungu atuhurumie, maana yupo mtu tuliyekwisha kumhukumu, naye Jumapili hii atasimama kando yetu.