Mama Aliyemrudishia Mwanawe Kitambi

Nisikilizeni, kina mama, na wewe uliyekaa karibu na mlango weka hiyo simu chini.

Alikuwepo fundi cherehani mmoja, kitambi kimelala juu ya mapaja kama mtoto. Kazi ya kukaa, soda mchana, chipsi jioni. Siku moja akapima afya. Presha juu, sukari juu, mafuta tele kwenye damu. Daktari akamwambia, "Unene peke yake ni mzigo kwa moyo. Wako umekuja na wenzake watatu."

Mkewe akabadilisha mapishi. Mafuta kwa kijiko, mboga za majani nusu sahani, soda marufuku, na jioni wanatembea pamoja mpaka sokoni na kurudi. Miezi mitano suruali zikampwaya, presha ikashuka.

Hapo ndipo minong'ono ilipoanza. Mwanaume akikonda, kwetu sababu ni mbili tu: ana ugonjwa wa aibu, au mke ana lake jambo. Si ndivyo? Msinikodolee macho, na ninyi mmeshasema.

Wiki ya Pasaka mama yake akaja kutoka kijijini, akafikia kwa dada yake mtaa wa pili. Alipoingia kwa mwanawe alifunua sufuria kabla hajavua viatu.

"Mwanangu, huyu anakulisha majani. Wewe ni mbuzi?"

"Mama, daktari ndiye aliyesema."

"Daktari ndiye aliyekuzaa?"

Tangu siku ile mama akawa anampelekea fundi chakula kibandani kwake pa kushonea: wali unaoelea mafuta, nyama ya kukaanga, chai sukari vijiko vinne. Anakula, anafuta mdomo, jioni anarudi kula cha mke. Hakutaka kumuudhi yeyote. Mashavu yakajaa, mtaa ukafurahi, mama akajiona ameshinda kesi.

Mwezi wa nane fundi akaangukia cherehani, mkono kifuani.

Hospitali mama akawahi kusema. "Daktari, muulize huyu mwanamke amempa nini. Namshuku tangu siku ya ndoa."

Mke akaulizwa. Akataja mchicha, maharage, ugali wa ngumi moja. Daktari akatazama majibu ya damu, kisha akamtazama yeye. "Dada, haya hayalingani. Kuna kitu unanificha."

Mke akaanza kulia. Mama angefunga mdomo tu, yule binti angelibeba kosa hilo maisha yake yote. Lakini angekubalije sifa zake zipotee?

"Angemtegemea huyu angeshakufa," akasema. "Mimi ndiye ninayemlisha vizuri kila mchana, tangu Pasaka."

Daktari akaandika.

Kina mama, sisi pua zetu zinanusa uchawi ndani ya mchicha. Mtu akikonda tunamwekea kikao, akinenepa tunampongeza. Nani kati yetu amewahi kumuuliza mwenye kitambi, "Umepima lini?" Na ninyi wembamba msichekelee, presha na sukari zinawapata na ninyi. Mungu aliuweka moyo ndani, macho ya jirani hayafiki huko. Kipimo kinafika. Nendeni mkapimwe, na mkirudi msimdanganye anayewapikia.

Naona mnataka kuniuliza kama yule fundi alipona. Mngeuliza pale aliponenepa.