Mwezi Ulioliwa Ukingo

Hapo zamani, si zile za fisi kwenda kuposa, zamani za majuzi tu, umeme umekwisha kufika Tukuyu na mvua bado haijajua kukatika, paliondokea mwalimu mstaafu aitwaye Angolwisye. Wenzake wakistaafu hununua ng'ombe. Yeye alijitengenezea darubini: bomba pana kama mtungi, ndani kioo alichokisugua kwa mkono miezi minane, na ubavuni kamera kuukuu imekazwa kwa skrubu. Kuna mama mmoja aliyetangaza kisimani kwamba Mwalimu anachungulia wake za watu ng'ambo ya bonde. Uongo! Wa kuchunguliwa ni mume wa huyo mama, lakini hayo tuyaache, ana wajukuu.

Mwalimu alitaka kitu kimoja tu: picha ya mwezi mpevu, mzima, mviringo kama sahani, aitundike kwenye darasa alimochora mwezi kwa chaki miaka thelathini. Na mkewe, Subilaga, mama yake Ipyana, alitaka kile alichotaka mumewe. Ndivyo alivyokuwa siku zote, na ndiko kilikoanzia kilio chake.

Mwezi wa kwanza picha ilitoka imetikisika. Akaitwa Gwakisa, mtoto wa dada yake Mwalimu, fundi simu wa sokoni, mtu mzima mwenye tumbo lake. Akaizunguka darubini, akacheka.

"Mjomba, umeisimamisha barazani, juu ya mbao! Mama Ipyana akipita na sufuria, mwezi unacheza ngoma."

Wakaishusha kwenye udongo mgumu, wakaining'inizia gunia la mawe isitikisike. Picha ikatulia. Mwalimu akainama, akatazama, akasema, "Bado. Ina ukungu."

Mwezi wa pili akaja jirani, Tupokigwe, nesi mstaafu, mwanamke asiyejua kunong'ona. Akapitisha kidole kwenye kioo, kikatoka kimelowa.

"Umande huu! Kioo kinatoa jasho kama miwani yangu nikifunua chungu."

Akakata boksi la sabuni, akaizungushia darubini kola mdomoni. Ukungu ukaisha. Mwalimu akainama, akatazama, akasema, "Bado. Inatetema."

Mwezi wa tatu dawa aliipata Subilaga mwenyewe, naye hajawahi kusoma kitabu cha nyota. Darubini ililala jikoni karibu na mafiga, ikitolewa nje ina joto. "Chungu cha moto hufuka hata ukikitua kwenye baridi," alisema. "Itoeni saa tisa ipoe, jioni mpige."

Wakaitoa saa tisa. Jioni mwezi ukachomoza juu ya migomba, wakapiga. Kesho yake Gwakisa akaja na picha amekwisha kuichapisha kwenye karatasi kubwa. Ee! Mashimo ya mwezi unayahesabu. Ukingo umekatwa kama kwa wembe. Nesi akapiga vigelegele.

Mwalimu akainama, akatazama, akaigeuza karatasi juu chini, akatazama tena, akasema, "Bado. Upande wa kulia umeliwa. Ukingo wote giza."

Subilaga akautazama mwezi wa pichani. Ulikuwa mzima. Akautazama tena, labda yeye ndiye mjinga. Mzima! Lakini katika miaka thelathini na minane ya ndoa hakuwahi kumkosoa mumewe mbele ya watu, na hapo watu walikuwepo. Akasema, "Kweli, Mwalimu. Umeliwa kidogo."

Gwakisa naye aliuona mzima. Lakini mjomba ni mjomba. Tena, tuseme kweli, kila alipokuja kutengeneza alichinjiwa kuku, na paja likawa lake. Akasema, "Nitalitazama tundu la kamera, mjomba. Huenda linabana mwanga."

Nesi hakusema kitu pale. Alimfuata Subilaga jikoni.

"Mama Ipyana, darubini haina ugonjwa. Mpeleke Mwalimu hospitali, macho yatazamwe."

"Unamwombea mume wangu upofu?"

"Sijamwombea. Nimeona wengi."

"Umeona wengi, na mimi ndiye niliyekutilia chai! Nenda kwako, Nesi."

Nesi akajifunga kanga yake, akaondoka. Na kwa kuwa ni mwanamke mwenye kiburi, nami namjua, miezi saba akapita mlangoni hapo akitazama mbele kama maksai wa kulima.

Miezi saba hiyo Gwakisa alipanua tundu, akabadilisha skrubu, akala mapaja. Kila mawingu yalipofunguka kwenye mwezi mpevu walipiga picha, na kila picha ilikuwa nzuri kuliko ya kabla. Mwalimu akainama, akatazama, akasema, "Bado. Sasa umeliwa pande zote mbili."

Subilaga aliona mambo mengine pia. Aliona chai ikimiminwa kando ya kikombe. Akaanza kuimimina yeye. Aliona mumewe akijigonga kwenye kigoda. Akakiondoa kigoda. Akaisogeza meza, akaihamisha mitungi, akaipanga nyumba nzima iyafuate macho yasiyoona, na wala hakumwambia mwenye macho. Usiku alijiambia, "Kesho nitasema." Kesho ikawa nyingi.

Hadi asubuhi moja Mwalimu alipovua kofia, akauamkia mgomba kwa heshima zote, akasimama akingoja uitikie. Subilaga alicheka kwanza. Kisha akakaa chini palepale kwenye tope.

Hospitali daktari alimulika, akapima, akavua miwani. Presha ya macho, alisema. Inakula kuanzia pembeni, polepole, haina maumivu. "Mngekuja miezi saba iliyopita, matone tu yangeizuia. Kilichokwisha kufa hakirudi. Kilichobaki ni kama kutazama kupitia tundu la ufunguo, nacho sikuahidini."

Waliporudi nyumbani, Mwalimu aliagiza Gwakisa na Nesi waitwe, na watatu wale wakakutana naye sebuleni. Picha sita zilikuwa zimetundikwa ukutani, mwezi mzima mara sita. Mwalimu akaketi, akasema:

"Mwezi mpevu ni leo. Tutapiga kama kawaida. Lakini nataka mtu wa kuketi kando yangu, leo na kila mwezi hadi nife, aniambie anachokiona. Asiwe mtu mwema. Watu wema wamenimaliza. Nataka mwenye kosa kubwa kuliko wenzake, maana huyo ndiye hatathubutu kunidanganya tena. Semeni."

Gwakisa akafuta jasho. "Ni mimi, mjomba. Mimi ni fundi. Fundi akijua chombo ni kizima na bado akakifungua, huyo si fundi, ni mwizi. Nilikuibia miezi saba kwa paja la kuku."

"Kaa chini wewe," Nesi akasema. "Wewe hukujua ugonjwa. Mimi niliujua kwa jina. Nilifukuzwa mara moja nikanuna, kana kwamba macho ni yangu ya kususia. Wagonjwa wangapi walinitukana kazini, nikarudi na dawa yao? Kwa jirani yangu nikashindwa kurudi. Kosa ni langu."

Subilaga alikuwa akikitazama kile kigoda alichokificha nyuma ya mlango.

"Nyinyi mlinyamaza," alisema hatimaye. "Mimi nilisema. Nilisema umeliwa, na macho yangu mawili yaliuona mzima. Aliyeniambia kweli nikamtoa jikoni kwangu. Kisha nikasogeza viti. Baba Ipyana, kama ungejikwaa mara moja tu ukaanguka, ungekwenda hospitali. Mimi ndiye niliyekuzuia usianguke."

Mwalimu akatikisa kichwa taratibu.

"Mnakumbuka ile picha ya kwanza nzuri? Niliigeuza juu chini. Kama kasoro ingekuwa kwenye picha, upande ulioliwa ungehamia kushoto. Ulibaki kulia. Mimi ni mwalimu, nikaelewa papo hapo. Lakini darubini ina fundi, ina gunia la mawe, ina boksi la sabuni. Ikiharibika kuna la kufanya. Nikasema, acha iwe ni darubini, mwezi huu tu. Na mwezi uliofuata nikasema hivyohivyo. Na nyinyi mliponiunga mkono nikashukuru."

Nje darubini ilikuwa imekwisha kupoa, imetolewa tangu saa tisa, kola yake mdomoni, gunia limening'inia. Mwezi ukaanza kutoka juu ya migomba, mwekundu, mzima. Mwalimu akatoka akipapasa ukuta, akaketi. Kando yake palikuwa na kigoda kimoja tu, kilekile, Subilaga alikuwa amekirudisha. Watatu wakasimama nyuma yake, kila mmoja akimtazama mwenzake, na mwezi haungoji mtu.

"Haya," Mwalimu akasema, uso ameuelekeza juu, kidogo pembeni ya mwezi ulipo. "Ukoje?"

Nanyi mliokaa hapa mkinitazama, msiniangalie mimi, nimekwisha kusema yangu. Mmoja alikula, mmoja alinuna, mmoja alipenda, na mwenyewe alijua. Je, nani alistahili kukikalia kile kigoda?