Misumari Mitupu

Kwaru. Kimya. Kisha kwaru tena, polepole, kama kiganja kikavu kinachopapasa ukuta.

Karani alibana pumzi. Ilikuwa saa nane mchana, jua la nje linawaka kama tanuri, na mumewe, fundi umeme, alikuwa kazini juu ya nguzo zake. Nyumba nzima haikuwa na mtu ila yeye, mimba yake ya miezi saba, na baba mkwe aliyekuwa sebuleni akisikiliza redio. Sauti ilitoka kwenye korido. Ilifika karibu na mlango wa jikoni, ikakwama hapo kama msemaji aliyepotewa na neno, kisha ikarudi ilikotoka.

Alipopiga moyo konde na kuchungulia, korido ilikuwa tupu. Ukutani, kando ya msumari uliokuwa mtupu vilevile, palikuwa na alama za vidole vitano, rangi ya majivu. Alikuwa amezifuta jana. Alikuwa amezifuta juzi pia.

Alinyata hadi sebuleni. Mzee alikuwa kitini pake, kichwa amekiinamisha upande wa redio.

"Gauni jipya hilo, Karani," alisema kabla hajasalimiwa, wala hakugeuka. "Hariri ya uongo. Hariri ya kweli haipigi kelele namna hiyo."

Jina la Karani alimpa mzee huyohuyo, kwa sababu kabla ya likizo ya uzazi alikuwa mtunza majalada katika ofisi ya shule. Mzee mwenyewe alikuwa fundi cherehani, na nusu ya wanaume wa mtaa ule walioa wakiwa wamevaa suti zake. Nyumba ilikuwa ya ghorofa moja: chini karakana ya ushonaji, ambayo sasa ilifungwa, juu vyumba vya kuishi, na katikati ngazi ya saruji yenye vidato kumi na saba, isiyo na mkono wa kushikia. Mama mkwe alipofariki, miezi miwili nyuma, mwanawe na mkewe walihamia humo ili mzee asibaki peke yake kama kinu kisicho na mchi.

Walipohamia walikuta misumari. Kando ya kila mlango, na pale juu ya ngazi, kulikuwa na msumari mmoja, na kwenye kila msumari kilining'inia kitambaa cha kusafishia alichokikata marehemu kutoka kwenye masalio ya karakana. Marehemu hakuwa mtu wa kutupa. Mafuta yakiruka jikoni aliyafuta kwa magadi na maji ya moto. Vioo aliving'arisha kwa siki. Limau likishakamuliwa, ganda lake lilisugua sinki kabla halijakwenda kwenye mbolea. Jioni alivifua vitambaa vyake, akavianika, na asubuhi kila kimoja kilirudi msumarini kwake. Takataka za nyumba yake kwa wiki nzima hazikujaza ndoo.

Karani alivitazama vitambaa vile na mwili ukamsisimka. Vimefuliwa mpaka vimekuwa vyembamba kama ngozi ya kizee, vimefuta miaka na miaka ya uchafu, na aliyevishika yuko kaburini. Siku moja mzee akiwa amelala, aliving'oa vyote, akavifungia kwenye gunia, akalishusha karakanani. Badala yake alinunua karatasi za kufutia, mabunda kwa mabunda, na vitambaa laini vyenye manukato vya kutumia mara moja na kutupa, pamoja na dawa za chupa za kila rangi. Chai ikimwagika, karatasi tatu. Mafuta yakiruka, kumi. Akishafuta, anatupa.

Mumewe alipoona misumari mitupu alivua kofia ya kazi.

"Mama angekwambia, usiache mbachao kwa msala upitao. Mkeka wako mkuukuu ndio utakaoukalia kesho. Ule mzuri unaopita ni wa mpitaji, na atapita nao."

"Na mimi ningemwambia, mtupa jongoo hutupa na mti wake," Karani alijibu. "Uchafu ukitoka, na kilichoushika kitoke."

Fundi umeme alicheka akanyanyua mikono. Siku ya tatu baada ya hapo, sauti ikaanza.

Kila ilipopita iliacha alama. Karani alizifuta kwa vile vitambaa vya manukato, akatupa, na mchana uliofuata zilirudi. Wiki ya pili aligundua jambo jingine: alama hazikukaa mahali pamoja tena. Zilikuwa zikihama. Kutoka mlango wa jikoni zilisogea kuelekea wa bafu, na kutoka wa bafu zilisogea kidogokidogo kuelekea ngazini, kama mtu anayetafuta kitu asichokipata na ambaye subira yake inamwisha. Chini nako, gari la taka lilikuwa limeharibika, na magunia yalirundikana karakanani. Manukato yale yalichanganyika na uozo, yakapanda vidato kumi na saba, yakawa harufu tamu ya maua yaliyosahauliwa juu ya maiti.

Hakuwa na shaka tena ni mkono wa nani. Mwenye vitambaa amekuja kuvidai.

Alimweleza mumewe. Mara ya kwanza mume alimtania kwamba mimba ina vituko. Mara ya pili aliziona alama zenyewe, akaacha utani. Mara ya tatu Karani alilia, akasema hatajifungua mtoto katika nyumba ile, na mume akakubali kwa shingo upande kwamba Ijumaa watahama. Ila mzee, alipoulizwa, alikataa katakata. Alisema cherehani yake imepigiwa misumari sakafuni na yeye vilevile. Kwa hiyo wangemwacha peke yake. Usiku ule fundi umeme hakula, na Karani alijua kwamba akitoka katika nyumba ile atatoka na mume aliyekatika vipande viwili.

Ijumaa ilifika. Mchana, sanduku la nguo lilisimama katikati ya korido, limejaa, limefungwa. Karani alikaa ukingoni mwa kitanda, mlango wazi, akimngojea mumewe. Redio ilinyamaza sebuleni.

Kwaru.

Safari hii hakujificha. Alijiambia kwamba kama ni kuonana, basi waonane leo, aende zake na jibu. Akaegemea fremu ya mlango, mkono mmoja tumboni, akatazama.

Aliyekuja kwenye korido alikuwa baba mkwe wake.

Alitembea pekupeku, kandambili ameipachika kwapani, kiganja cha kulia kikipapasa ukuta. Macho yake yalikuwa wazi, na midomo yake ilihesabu hatua. Goti likagonga sanduku. Akashtuka, akalizunguka, mkono ukaachana na ukuta. Aliporudi kuugusa alikuwa ameupita mlango wa bafu, na hesabu imempotea. Kiganja kikateleza hadi kwenye msumari wa mwisho, ule wa juu ya ngazi. Vidole vikausugua msumari, vikasugua hewa chini yake, kidole gumba juu ya cha shahada, kama fundi anayepima uzito wa kitambaa ambacho hakipo. Kisha mzee akainua mguu na kuupeleka mbele, kwa imani kabisa, mahali ambapo sakafu ilikuwa imekwisha.

Karani hakupiga kelele. Alijua kelele ingemsukuma. Alikimbia na tumbo lake, akalidaka shati kwa nyuma kwa mikono miwili, akajitupa chini kwa matako. Wote wawili wakaketi kwa kishindo ukingoni mwa ngazi. Kandambili ilichomoka kwapani, ikashuka peke yake, kidato baada ya kidato, pa, pa, pa, hadi ikatua kwenye giza la karakana. Waliisikiliza mpaka mwisho.

"Nani ameitoa kaki yangu?" mzee akauliza, sauti ya chini.

"Baba," Karani alisema, "huoni."

"Mwaka wa pili huu." Aligeuzia uso wake mahali ambapo sauti ilitoka, akaukosa kidogo. "Fundi asiyeona tundu la sindano ni kichekesho cha mtaa, mwanangu. Nilimwambia mama mkwe wako afunge mdomo. Akaufunga, akafungua kapu la vipande vya vitambaa."

Karani akaelewa, na kuelewa kule kulimchoma kama pasi. Kila mlango ulikuwa na kitambaa cha aina yake. Vidole vilivyoishi na nguo miaka hamsini havikuhitaji macho. Vitambaa vilipoondoka, mzee alibaki kuhesabu hatua na kupapasa misumari, vumbi la chaki ya kushonea, ambayo hakuacha kuiviringisha mfukoni, likibaki ukutani, kila siku mbele kidogo hesabu ilipomkosea. Mchana aliupenda kwa sababu mwanawe alikuwa kazini, Karani akipumzika, na hakuna wa kumwona. Na gauni, je? Hilo alilisikia, kama alivyosema.

Mzee alikuwa akinong'ona. Marehemu, alieleza, alimtungia ubeti asipotee:

"Jinzi ndiyo ya jikoni, na fulana ya bafuni,
Ukigusa kaki koma, mbele yako ni ngazini."

"Kwa nini hukuniuliza viko wapi?"

"Ningeuliza, nawe ungeniuliza navitakia nini."

Karani pia alikuwa na kiburi chake, na kilikuwa kimejaza magunia kumi na moja.

Mumewe alipofika alimkuta karakanani, gauni la hariri ya uongo limechafuka hadi kiunoni, akimwaga gunia moja baada ya jingine. Alimuuliza kama ametupa pete ya ndoa. Karani alimweleza yote bila kuinua kichwa, na fundi umeme akapiga magoti kwenye taka akachimba pamoja naye, machozi yakimtoka, asijue ni ya harufu au ya baba yake.

Vitambaa vilikuwa katika gunia la kwanza, chini ya yote. Karani alikumbuka vizuri kwamba alivisokomeza kama mtu anayeziba shimo. Sasa vilikuwa vimekunjwa mara nne, pembe kwa pembe, kaki ikiwa juu. Alimtazama mumewe, mumewe akatazama cherehani iliyofunikwa shuka. Walivichukua, wakapanda.

Karani alivichemsha kwa magadi, akavisuuza kwa siki, akavianika kwenye jua kali. Kabla ya jioni vilikuwa vikavu, vina harufu ya jua tu. Sanduku lilirudi chumbani. Gauni alilikata kwa mkasi mkubwa wa mzee, kipande kimoja akakitundika kwenye mlango wa chumba atakamolala mtoto.

Mzee alipita kwenye korido akigusa. Jinzi. Fulana. Kwenye mlango wa mtoto akasimama, akakisugua kile kipande, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

"Hii haitafuta hata chozi," alisema. "Lakini hapa sitapotea."

Alifika kwenye kaki, akakoma. Kiganja chake kilitulia juu yake, na Karani akaweka cha kwake juu ya cha mzee. Ukuta ulikuwa safi. Alizungumza kwa sauti ya kutosha kusikika na aliyekuwepo, na pia na marehemu, kama bado yupo.

"Nakuahidi, Baba. Maadamu mimi ndiye nifutaye nyumba hii, hakuna kitambaa kitakachoshuka msumarini ila kwenda kufuliwa na kurudi. Na mjukuu wako nitamfundisha ubeti ule kabla hajajua kutembea, na akinyanyua mkono kutupa, nitamwambia yaliyonipata: usiache mbachao kwa msala upitao."