Kigelegele cha Nyamizi

Hapo kale! Kale gani? Kale ya nyanya wa nyanya yangu, wajukuu, mbwa alipokuwa bado anabisha hodi. Sogeeni. Wewe, mwachie mwenzako mkeka!

Palikuwa na mama, Nyamizi, na mumewe Masunga, na watoto wao, Shija na dada yake Mbuke. Mtama uliiva, kwelea wakaja makundi makundi. Watoto wakapandishwa dunguni, kwenye jukwaa la mlinda shamba, kuwafukuza ndege hao. Kombeo moja, watoto wawili! "Nipe!" "Sikupi!" Wao wakivutana, ndege wakila. Nyamizi akifoka, "Shija, mchoyo wewe! Mbuke, mkaidi wewe!" Ndege wakila. Masunga akaja na fimbo, wakatulia, akaondoka, wakavutana. Ndege wakila. Mabua yakabaki matupu upande mzima, na Nyamizi akaingiwa na hofu. Wangekula nini masika?

Siku moja akawakuta uani wakicheza baba na mama. "Mvivu wewe!" akasema Mbuke. "Nyamaza, mkaidi wewe!" akajibu Shija. Basi, mchezo wote ndio huo. Nyamizi aliona aibu, jamani, aibu ya kweli.

"Baba Shija," akamwambia mumewe, "tumewafunza kufoka, kusaidiana hatukuwafunza. Tujifunze sisi kwanza, tuwasifu wakifanya jema."

"Mtoto akisifiwa huharibika."

"Na hawa wasiosifiwa, mbona shamba limeharibika?"

Masunga akaiweka fimbo yake pembeni.

Kesho yake Nyamizi akakaa karibu na dungu, ulimi kaubana. Wakavutana, akanyamaza. Hata mkono wa Shija ukachoka, akamwambia dada yake, "Haya, shika." Nyamizi akapiga kigelegele!

Sasa, kwao kigelegele kilikuwa cha mtoto mchanga au bibi harusi tu. Wanawake wakaja mbio na vibuyu vya uji. "Kajifungua nani?"

"Hakuna. Shija kampa dada yake kombeo!"

Wakacheka mpaka uji ukamwagika. Shija kifua mbele! Punde Mbuke akarudisha kombeo bila kuombwa, akachungulia chini, akingoja. Lakini mama alikuwa ameenda kisimani. Aliyekuwapo ni Masunga. Akatazama huku, akatazama kule, akapiga kigelegele, kikatoka kama jogoo mwenye mafua. Mbuke akacheka hadi machozi. Tangu hapo watoto wakapokezana kombeo, kwelea hawakutua tena, na mtama uliosalia wakauvuna wote wanne.

Wajukuu, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Basi mtakapozaa, anzeni kujilea wenyewe.

Kisa changu nimekitua hapa. Mwenye mabega akibebe.