Chupa ya Barafu ya Bi Hana

Haya ameyasimulia Wahida mwenyewe, Ramadhani iliyopita, tulipokuwa tukikunja sambusa jikoni kwake Bani Malik, mjini Jeddah. Alisimulia akicheka, kisha akajifuta macho kwa kiganja kilichojaa unga.

Wahida ni mke wa Hilal, na riziki ya Hilal iko Riyadh, kwenye ghala la friji huko Al-Sulay. Wakawa kama jua na mwezi, huyu akiingia yule anatoka. Wahida alibaki Jeddah na mama mkwe wake, Bi Hana, wakapendana kama chanda na pete. Fungate hawakuipata. Hilal akaahidi kuwa likizo hii atampeleka mkewe Norwei, wapande boti, wakaione milima ya barafu inayoteremka mpaka baharini.

Lakini palikuwa na Bi Hana. Mama huyu alivushwa bahari kutoka Unguja angali mtoto, mwaka wa sitini na nne, na tangu hapo chombo kikitajwa uso wake hufunga kama duka wakati wa sala. Na katika nyumba ile hasafiri mtu bila radhi yake. Hilal akaona apite njia ya mkato.

"Tukishuka kwenye ndege tutaitazama kwa gari, mama," alisema. "Milima iko bara. Boti hatutii hata mguu."

Bi Hana akawafukiza ubani, akawaombea safari ya nchi kavu: gari lisipinduke, tairi lisipasuke, breki zishike. Wahida aliitikia amini, naye anajua kuwa boti inawangoja. Zawadi aliyotaka mama ilikuwa moja tu, kipande cha barafu ya Mungu, isiyotoka kwenye friji.

Basi wakaenda. Boti ilisogea taratibu kama mtu aingiaye chumba chenye mtoto aliyelala. Maji yalikuwa meusi, yametulia tuli, na mapande ya barafu yaliyoelea yalitatarika kama bisi jikoni kwa jirani. Kisha ukuta ukasimama mbele yao, buluu ndani ya weupe, ukawapumulia baridi usoni. Hilal akamfunika mkewe kwa koti lake, na hakutazama saa. Wahida akajiona kama amelala macho wazi. Ghafla pande likameguka kule juu, likazama bila haraka, na boti ikayumba kidogo. Hapo ndipo alipokumbuka: yuko juu ya maji, na nyumbani hakuna anayejua.

Baharia mmoja akaopoa barafu kwa wavu. Hilal akaitia kwenye chupa ya chai ingali inachuruzika, akafunga kifuniko.

Walirudi Jeddah wakati wa chakula cha mchana. Baada ya kula, Bi Hana akamimina ile barafu iliyokwisha kuyeyuka katika kikombe cha kahawa, akapiga bismillahi, akanywa funda moja. Akaonja tena.

"Hilal, mwanangu. Milima ya bara huko ina chumvi?"

Hilal akaanza kuilaumu chupa, labda haikuoshwa vizuri.

"Chupa niliiosha mimi. Maji haya yameonana na bahari."

Wahida hakuweza tena. "Tulipanda boti, mama. Na mimi niliitikia amini."

Akangoja radhi iondolewe, nyumba nzima imwangukie. Bi Hana akaweka kikombe chini.

"Nimewaombea breki," alisema. "Boti ina breki?"

Hakuna aliyethubutu kucheka. Ndipo akawaeleza ambalo hakuwahi kulieleza. Yeye bahari haiogopi. Siku walipovuka wao, bibi yake alibaki Unguja, akaapa hatalala mpaka apate habari kuwa wameshuka. Ndiyo ada yao: mtu akiwa majini, mmoja wa nyumbani hukesha.

"Na mimi nimelala fofofo, mwanangu yuko juu ya maji. Mmenidhulumu kukesha kwangu. Sasa nisimulieni safari yote, tangu kwenye ngazi ya boti. Silali mpaka mshuke, na radhi mtaipata hapo."

Wakajinyoosha mkekani, kiyoyozi kikinguruma, wakamsimulia kwa zamu. Walipofika kwenye ukuta wa buluu, Hilal alikuwa anakoroma. Wahida akaendelea peke yake, sauti ikishuka: boti ikageuka, barafu ikabaki nyuma ikififia, bandari ikaonekana, kamba ikatupwa.

"Tukashuka, mama."

"Wote wawili?"

"Wote wawili."

"Basi radhi mnayo." Bi Hana akavuta mtandio usoni, akalala.

Wahida akalaza kichwa miguuni pake, na usingizi ukamchukua naye. Uongo uliokwenda mpaka Norwei na kurudi uliishia ndani ya kikombe cha kahawa; ama kweli, njia ya mwongo ni fupi.