Njaa ya Vidonge

Methali isemayo mwenye shibe hamjui mwenye njaa watu huitumia wakimfikiria tajiri na maskini. Lakini wawili hao si lazima wakae mbalimbali. Masele na mkewe Coletha walilala kitanda kimoja.

Ulikuwa mwaka wa ukame, katika miaka ya sabini, katika kijiji kimoja karibu na Mhunze. Coletha alikonda akabaki mifupa na macho, akikohoa kutwa kucha. Hospitalini wakaambiwa ni kifua kikuu. Daktari akampa vidonge vya kumeza kila siku kwa mwaka mzima, kisha akamgeukia Masele: "Mlishe vizuri. Dawa ikianza kufanya kazi, atataka kula sana."

Masele alishika nusu ya maneno hayo. Kila asubuhi alimsimamia mkewe mpaka ameze. Jioni alikwenda zake shikome, kwenye moto wa wanaume pale uani, akala ugali kwa mtindi pamoja na baba yake, mzee Bujiku, na kaka zake. Wanawake walikula jikoni kilichobaki, na mwaka ule kilichobaki kilikuwa ukoko na vipande vichache vya michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa.

Kweli hamu ya kula ikarudi, tena kwa kishindo.

"Baba Kamili," Coletha alimwambia mumewe, "vidonge hivi vinaniletea njaa ya ajabu. Niongezewe chakula, hata kidogo."

Mama mkwe akaangua kicheko. "Mgonjwa gani mlafi hivi? Anataka kutumalizia ghala!"

"Wewe meza dawa tu, mama Kamili, utapona," Masele akasema huku akijipangusa midomo. Kwake yeye shauri lilikuwa limekwisha.

Mvua ziliponyesha, Masele akawa anadamkia shambani, hakumsimamia tena. Siku moja akamkuta anatema damu. Akamfokea, akamuuliza kama anameza dawa.

"Niliacha," Coletha akajibu kwa sauti ya chini. "Nikimeza, njaa inanikesha. Nisipomeza, napata usingizi."

Maneno hayo yalimchoma Masele moyo. Jioni ile aliinuka shikome na bonge la ugali mkononi, akaelekea jikoni.

"Tazameni, Masele kaolewa!" kaka zake wakapiga kelele, wakacheka hadi machozi.

Aibu ikamshika. Akarudi, akaketi, akalila lile bonge mwenyewe. Mwanamume mzima, aliogopa kicheko kuliko kaburi!

Coletha alikufa kabla mtama haujakomaa. Siku ya mazishi mzee Bujiku alichinja dume la ng'ombe kuwalisha waombolezaji, nyama ikawa tele. Mzee alifyonza mfupa, mafuta yakimchuruzika kidevuni, akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli.

"Ukaidi tu ndio uliomuua," akasema. "Angemeza dawa zake, angepona."

Masele alimtazama baba yake; hata yeye aliwahi kusema vivyo hivyo. Akairudisha nyama yake kwenye sinia. Hakika, mwenye shibe hamjui mwenye njaa.