Miiba ya Mama Hoza

“Aliyeziba njia ya mwizi aliziba na ya mkunga.” Mmeisikia methali hii ikisemwa, nanyi mnauliza ilitoka wapi. Basi tulieni niwaeleze ilikozaliwa.

Zamani kitongoji cha Kwemlezi kilikuwa ukingoni mwa korongo, huko milimani. Ng’ambo ya korongo palikuwa na kijiji kikubwa chenye soko, na mbali ya barabara ndefu ya kuzunguka mlima, kilichowaunganisha ni kijia chembamba cha kuchotea maji. Wazee wakashauri kijia hicho kipanuliwe, kiwe njia ya wote: waendao kwa miguu, wenye punda, wenye baiskeli na wachungaji. Ingepita nyuma kabisa ya nyumba ya Mama Hoza.

Mama Hoza alikuwa mjane. Mwanawe Hoza alifanya kazi mbali, kwenye mashamba ya mkonge, akawa amemwachia mama yake mkewe, Zubeda, aliyekuwa mjamzito. Mwaka uliopita wezi walikuwa wamechukua mbuzi wa Mama Hoza na kuvunja mlango wa jirani mchana kweupe. Tangu hapo hata jani likianguka moyo wake ulipiga kwa kishindo.

Siku ya baraza alisimama.

“Mnatuletea wageni hadi dirishani! Leo atapita mwenye punda, kesho mwenye panga. Nikipiga yowe, nani ataitika?”

“Wapita njia wataitika,” alijibu Mzee Shekivuli, mkuu wa baraza. “Mwizi hapendi njia yenye watu.”

“Kwako ni rahisi kusema, mzee wangu. Nyumba yako iko mbali nayo.”

Hilo lilikuwa kweli. Na hofu huambukiza kama upele. Wenye nyumba za ukingoni wote wakawa upande wake, njia ikakataliwa. Mama Hoza hakuridhika. Alikiziba hata kile kijia, akapanda mkonge na kurundika matawi ya miiba hadi usawa wa kifua.

Masika yalipoingia, asubuhi moja ya ukungu mzito, Zubeda akashikwa na uchungu kabla ya wakati, na mtoto alikuwa amekaa vibaya. Mama Hoza akakimbilia ukingoni, akamwita kwa sauti yake yote Bibi Nakombo, mkunga wa ng’ambo. Hakusikia jibu. Hata kama mkunga alisikia, kwa barabara ya kuzunguka mlima angefika jioni.

Akarudi ndani. Punde akasikia matawi yakivunjika nyuma ya nyumba. Akatia komeo mlangoni, akashika panga.

“Nani?” aliuliza. Matawi yakavunjika tena.

Hatimaye sauti ikaja, nyonge: “Mama Hoza! Ni mimi, Nakombo! Nimenasa!”

Alimkuta yule bibi katikati ya miiba, kanga imechanika, mikono inavuja damu. Mama Hoza akaanza kufyeka. Nyumbani Zubeda alikuwa akilia, kisha kilio kikakatika.

“Amenyamaza,” alisema Mama Hoza, akageuka kutazama nyumba.

“Kata, mwenzangu. Usiseme, kata!”

Walipoingia, Bibi Nakombo alifanya kila alichokijua. Zubeda alipona. Mtoto alitoka, wala hakulia.

Hakuna aliyemlaumu Mama Hoza, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Arubaini ilipokwisha aliomba baraza liitishwe tena.

“Bado nawaogopa wezi,” alisema, macho chini. “Nikisikia hatua nje nitaogopa hadi nife. Lakini ichimbeni njia. Mwizi sijamwona akija pale. Niliyemnasa ni mkunga.”

Njia ikachimbwa, ikapita nyuma ya nyumba yake. Jioni aliketi ndani akisikiliza watu wakipita, mwili ukimsisimka, asifunge dirisha. Na watu wa Kwemlezi, wakimwona mtu anajizungushia ukuta kwa ajili ya hofu, wakawa wanamwambia taratibu, bila kumcheka:

Aliyeziba njia ya mwizi aliziba na ya mkunga.